Taa hafifu kwenye pikipiki kuukuu: tengeneza umeme kabla ya kununua glopu

Msomaji mmoja wa Kigombe, mkoani Tanga, hununua samaki pwani na kuwafikisha Tanga mjini kabla ya mapambazuko. Pikipiki yake ni ya Kichina, ya cc 125, yenye injini ya muundo wa CG (ule wa Honda CG), na aliinunua mkononi ikiwa imeshatumika miaka mingi. Anaeleza kwamba taa ya mbele hufifia injini inapozunguka polepole na kung'aa anapovuta mafuta, na kwamba madereva wa magari yanayokuja humpigia fuli (taa kali ya mbali) kana kwamba anawaumiza macho, ilhali yeye mwenyewe haoni mashimo mpaka ameshayaingia. Fundi mmoja amemshauri afunge glopu ya halojeni ya wati 60/55 pamoja na taa mbili za ziada kwenye ngao ya injini. Fundi mwingine amemwambia aweke LED na kuachana na mengine yote. Anauliza aanze na lipi, na kama betri yake ya ampea-saa 7 itahimili.

Marahaba, ndugu yangu, na asante kwa kueleza dalili kwa utaratibu, maana sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Mwanga unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini ni alama kwamba taa yako ya mbele hailishwi na betri. Katika pikipiki nyingi za muundo huo, koili ya taa iliyomo kwenye stata (sehemu ya injini yenye koili zinazozalisha umeme) hupeleka umeme moja kwa moja kwenye glopu ukiwa bado ni mkondo geu, ule ambao mafundi wetu huuita AC, huku sehemu nyingine ya umeme wa koili hiyohiyo ikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, yaani DC, kwa ajili ya kuchaji betri inayoendesha honi, indiketa na taa ya breki. Kwa jinsi pikipiki ilivyo sasa, basi, betri haina neno lolote katika taa ya mbele: ukifunga hata ya gari, mwanga utabaki uleule.

Hapo ndipo ushauri wa glopu ya wati 60/55 unapokwama. Glopu ya wati 35 hula takriban ampea 3, na ya wati 60 hula karibu ampea 5. Koili yako iliundwa kwa ajili ya wati 35 za mbele, wati 5 za nyuma na vitaa vya dashibodi. Ukiidai karibu mara mbili ya hizo, volti hushuka, na glopu ya uzi haisamehe kushuka kwa volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30, na zikipungua kwa asilimia 20, zaidi ya nusu ya mwanga imekwisha potea. Kwenye karatasi, glopu ya H4, ndiyo hiyo ya wati 60/55, hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,650 kwa fuli na 1,000 kwa dimu, yaani taa ya karibu, na ile ya HS1 ya wati 35 hutoa 825 na 525, lakini vipimo hivyo vyote huchukuliwa kwenye volti 13.2. Ilishe hiyo H4 kwa volti 9.5 na fuli yake itabaki na takriban theluthi moja ya mwanga wake, yaani chini ya glopu ndogo iliyolishwa sawasawa. Kuongeza mabomba hakuongezi maji kisimani. Tena joto la wati 60 ndani ya taa ya plastiki iliyobuniwa kwa wati 35 hulainisha soketi, huunguza riflekta (bakuli linaloakisi mwanga), na swichi ya usukani, ambayo vikonyo vyake tayari vimechakaa, ndiyo hupitisha mzigo wote huo.

Kabla sijaendelea na umeme, niseme kuhusu wanaokupigia fuli, kwa sababu tiba yake haina gharama na ndiyo itakayokuonyesha tofauti usiku huohuo. Unabeba tenga la samaki nyuma. Mzigo ukiishusha nyuma ya pikipiki kwa sentimita 4 kuliko mbele, na umbali kati ya magurudumu ukiwa kama mita 1.25, taa inainuka kwa kiasi cha sentimita 15 kwenye kila mita 5 za mbele. Dimu iliyopangwa vizuri wakati pikipiki ni tupu inakuwa, kwa mzigo huo, inaangaza vichwa vya madereva na majani ya minazi, huku mita 30 za barabara zilizo mbele ya gurudumu lako zikibaki gizani. Ndiyo maana mambo mawili yanayoonekana kupingana, kuwaumiza wengine macho na wewe mwenyewe kutoona, hutokea kwa pamoja.

Panga taa ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Jaza tenga kwa uzito uleule wa siku ya kazi, pima upepo wa matairi, kaza springi za shokapu za nyuma hatua moja au mbili kama zina marekebisho, kisha simamisha pikipiki kwenye sakafu iliyo sawa, mita 5 kutoka ukutani, nawe ukiwa umeketi juu yake huku mwenzako akipima. Apime kimo cha katikati ya kioo cha taa kutoka chini, akiweke alama ukutani, na ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa doa lenye mwanga mkali uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama hiyo. Kwa taa iliyo kwenye kimo cha sentimita 90, kushuka kwa sentimita 10 maana yake mwanga unagusa barabara mita 45 mbele, na kushuka kwa sentimita 5 ni mita 90. Kwa barabara kama yako, ambayo watu na baiskeli wanatembea ukingoni alfajiri, ningechagua kitu kama sentimita 7. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kama taa yako ina mwanga unaopanda upande mmoja, upande huo lazima uwe wa kushoto. Ukipanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia na haifai hapa hata ikiwa mpya.

Nakutajia pia hesabu moja ili ujue unatafuta nini hasa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kuanza kushika breki, zimekwisha mita 25, na breki kwenye lami kavu zitakula mita nyingine 28 hivi. Kwenye changarawe iliyolegea, hesabu hiyo hupita mita 65 kwa urahisi. Kama dimu yako inaonyesha mita 30 tu, hakuna glopu itakayokuokoa kwa mwendo huo, na mpaka kazi hii ikamilike ni bora upunguze mwendo.

Sasa turudi kwenye umeme. Kazi ya kwanza ni kurejesha kile ambacho pikipiki ilikuwa nacho ilipotoka kiwandani, maana uzee na chumvi vimekwisha kukunyang'anya sehemu yake. Kwa pikipiki inayobeba samaki pwani jambo hili lina uzito wa pekee: si upepo wa bahari tu unaokula nyaya, bali pia maji ya barafu yenye chumvi yanayodondoka kutoka kwenye tenga na kuteremka hadi kwenye nyaya za taa ya nyuma, regileta (kifaa kinachodhibiti volti na kuchaji betri) na kiunganishi cha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma, kilichofungwa kwenye fremu. Weka karatasi nzito ya nailoni au sinia chini ya tenga, lenye mfereji wa kutolea maji pembeni. Kisha fungua kila kiunganishi kati ya injini na taa ya mbele, safisha kutu ya kijani kwa brashi ya waya laini, paka vaselini au grisi kidogo na ufunge tena. Waya ambao ukiuchuna unakuta nyuzi zake za shaba ni nyeusi, ukate na uuweke mpya. Kuusugua ni kupoteza muda. Ethi ndiyo inayosahaulika zaidi. Mimi hupendelea kuvuta waya mpya wa milimita mraba 1.5 kutoka kwenye soketi ya taa hadi kwenye boliti ya injini, badala ya kuitegemea shingo ya usukani yenye grisi na bearingi.

Ukiwa na mita ya umeme, utajua kama kazi imefaa. Iweke kwenye volti za AC, washa injini kwa mizunguko ya kati na taa ikiwaka, pima kwenye waya wa taa unapotoka injini, kisha pima kwenye soketi ya glopu. Usomaji wa mita za kawaida kwa umeme wa aina hii si kamili, lakini tofauti ya vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa mita ileile inatosha kuamua: ikizidi nusu volti, bado kuna kiungo kibovu katikati, na mara nyingi ni swichi ya usukani. Tazama pia riflekta. Ikiwa imepoteza mng'ao wake na kuwa ya kijivu au yenye madoa, hakuna kinachoweza kuirudisha, na kuisugua kwa kitambaa huondoa hata ile alumini kidogo iliyobaki. Nunua taa nzima. Kioo kilichopauka hutendewa vivyo hivyo.

Watu wengi huridhika wakifika hapa, na kama ungekuwa unatoka Ngamiani kwenda Raskazone tu ningekuambia usimame hapo. Lakini wewe unapita sehemu zisizo na nguzo za taa, na mwanga unaofifia kila unapopunguza mwendo kwenye shimo, yaani wakati uleule unapouhitaji, ni kasoro ya muundo ambayo usafi hauiondoi. Dawa yake ni kugeuza mfumo wa taa kuwa DC, ili koili ichaji betri kikamilifu na taa zote zilishwe na betri.

Kazi hiyo inataka fundi anayejua stata, si anayejua kufunga redio. Katika mfumo wako wa sasa ncha moja ya koili ya taa imeunganishwa na chuma cha injini, na regileta inatumia nusu tu ya wimbi la umeme kuchaji. Fundi atafungua kifuniko cha upande wa magineto, atatoa ncha hiyo ya ethi ya koili ya taa kwenye chuma, atailehemu kwa risasi kwenye waya mpya unaotoka nje pamoja na zile nyingine, na nyaya mbili za koili zitaingia kwenye regileta mpya inayotumia wimbi zima. Kwa rangi za mtindo wa Honda, ambazo pikipiki nyingi za Kichina huziiga, kijani ni ethi, nyeupe ni ya kuchaji, njano ni ya taa, nyekundu ni ya betri na nyeusi hupata umeme ukifungua ufunguo. Ile njano ya zamani haitatumika tena kulisha taa. Swichi ya taa italishwa kutoka kwenye nyeusi. Usiziamini rangi hizo bila mita, kwa sababu pikipiki iliyopita mikononi mwa watu kadhaa huwa na nyaya za rangi yoyote iliyokuwa dukani siku hiyo. Jambo la kukazia ni kwamba koili ya kulisha CDI (kisanduku kinachotoa umeme wa cheche ya plagi) na ile ndogo ya kutoa alama ya cheche ziachwe na ethi zake kama zilivyo. Baada ya kazi, mita ionyeshe kwamba nyaya mbili za koili ya taa hazigusani kabisa na chuma cha injini. Zikigusa hata kidogo, regileta mpya itaungua.

Kabla ya hapo ujue CDI yako inalishwa na nini. Zima swichi zote za taa, toa fyuzi ya betri, fungua ufunguo, piga kiki. Injini ikiwaka, CDI ina koili yake, na hata siku betri itakapokufa utafika nyumbani. Isipowaka, huenda CDI yako inategemea betri, na hapo taa zikiimaliza betri njiani, pikipiki nayo inazimika. Mwenye CDI ya namna hii ya pili nisingemruhusu kufunga taa za ziada mpaka chaji yake ithibitishwe kwa mita. (Pikipiki za zamani zaidi zenye volti 6 ni kesi nyingine kabisa, na aliyenayo asinunue kifaa chochote nilichokitaja hapa kabla ya kubadili betri, regileta, honi na glopu zote kwa pamoja.)

Mfumo ukishakuwa DC, ndipo LED inapokuwa ununuzi wa busara. Ikifungwa kwenye AC ya sasa hupepesa, na nyingi hufa mapema kwa sababu hazikuumbwa kwa mkondo unaogeuka. Faida yake kwako ni kwamba LED nzuri ya wati 18 au 20 hutoa mwanga unaoshinda halojeni ya wati 35, na kwa kuwa ina kidhibiti chake ndani, mwanga haubadiliki volti zikichezacheza kidogo. Hata hivyo riflekta yako ilibuniwa kwa nyuzi mbili nyembamba zilizo mahali maalumu, na uzi wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usiende kwenye nusu ya chini ya riflekta. Chagua LED yenye vipande vyembamba vilivyopangwa mahali palepale pa nyuzi, na yenye kikombe kwa upande wa dimu. Vipande viangalie kushoto na kulia, si juu na chini. Zile zenye vipande pande nne au sita zinamwaga mwanga kila mahali, zinaonekana kali ukizitazama dukani, na barabarani hazina mpaka wowote. Angalia pia kama nyuma ya taa kuna nafasi ya feni au mapezi ya kupozea, na kama raba ya kuzuia maji bado inafunga. Ukiambiwa ni ya wati 60, omba ipimwe ampea kwenye betri hapo dukani: mara nyingi hula ampea 1.5, ambazo ni wati 18, na hiyo si aibu, ni habari njema kwa koili yako. Rangi nyeupe isiyo na ubluu, ya kati ya 4,000 na 5,000 kwenye kipimo cha kelvini, inanipendeza zaidi kwa mvua na vumbi kuliko ile ya buluu.

Taa za ziada ziwe za mwisho, na ziwe ndogo. Mbili za wati 10 kila moja zinatosha kabisa. Ukijumlisha LED ya mbele ya wati 18, taa ya nyuma ya LED na hizo mbili, unapata karibu wati 40, ambazo hazizidi mzigo ambao koili hiyo ilikuwa ikiubeba tangu mwanzo. Zifunge chini ya taa kubwa, kwenye ngao ya injini au kwenye miguu ya mbele, maana mwanga unaotoka chini hurefusha kivuli cha shimo na kulifanya lionekane mapema. Kama zina mwanga mpana, ziangalie karibu na pembeni, kwenye mita 10 hadi 25 za kwanza; kama ni za mwale mwembamba, zielekee mbali pamoja na mwale wa fuli.

Kuhusu namna ya kuziunganisha sina mjadala: rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) yenye miguu minne, mguu wa 30 ukitoka kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na betri, 87 ukienda kwenye taa, 85 kwenye ethi, na 86 ukipata alama kutoka kwenye waya wa fuli kupitia swichi yake ndogo. Kwa mpango huo, ukipokea gari na kushusha dimu, taa za ziada zinazimika zenyewe bila wewe kutafuta swichi ya pili kwa kidole gumba. Fundi akikuambia azilishe moja kwa moja ili ziwake muda wote, mkatalie. Waya wa milimita mraba 1 hadi 1.5 unatosha, viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa kwa mrija unaojibana kwa joto, kwa sababu tepu peke yake haimalizi masika moja hapa pwani.

Kuhusu betri yako ya ampea-saa 7, itahimili, kwa sharti kwamba kazi yake ni kusawazisha umeme injini ikizunguka, si kuendesha taa injini ikiwa imezimwa. Ukisimama kupima samaki huku taa zote zikiwaka, utaimaliza. Kipimo ni hiki: injini kwa mizunguko ya mwendo wa kawaida, taa zote zikiwaka, betri isome angalau volti 13.2 na isipite 14.8. Ikisoma chini ya 12.8 kwa mizunguko hiyo, zima za ziada na umrudishe fundi kwenye stata na regileta kabla ya kumlipa.

Glopu yako ya wati 35 usiitupe. LED ikifa huwa inakufa ghafla, na glopu hiyo ya zamani itawaka kwenye soketi ileile hata baada ya mfumo kugeuzwa. Ifunge kwenye kitambaa, iweke chini ya siti pamoja na fyuzi mbili za akiba, na siku utakapoitumia, zima taa za ziada mpaka ufike mjini.